Uzi wa kuwakumbuka wazee wetu waliopita jeshini: tuweke na ile sehemu ambayo haisomwi makaburini

Mwana wa Sajenti

Wakuu habari za usiku. Huu uzi ninao kichwani wiki tatu sasa na kila nikishika simu niandike naishia kuiweka chini. Leo naandika tu vyovyote vitakavyotoka.

Mzee wangu katutoka. Alikuwa sajenti, katumikia miaka ishirini na tatu, kastaafu mimi niko darasa la tano. Wasifu wake niliuandika mimi kwasababu ndo mkubwa na ndo niliyekuwa na lile faili lake la jeshi. Nikakaa usiku kucha nikapanga kila kitu, namba yake, tarehe aliyoapa, vikosi alivyopita, kozi, medali mbili, tarehe ya kustaafu, halafu chini kabisa mstari mmoja, kwamba ameacha mjane, watoto watano na wajukuu kumi na mmoja. Nikausoma mbele za watu bila kukosea hata neno. Wenzake waliokuja wakapiga saluti, kila mtu akaniambia nimesoma vizuri.

Tunatoka makaburini mpwa wangu wa miaka minane akanishika mkono akaniuliza, "Mjomba, mbona hukusema kuhusu mtoni?"

Wakuu nilikosa la kumjibu, na mpaka leo sijampa jibu.

Sasa niwaambie kuhusu mtoni. Tangu alipostaafu mpaka miezi minne kabla hajafa, kila Jumamosi saa kumi na moja alfajiri mzee anagonga dirisha la chumba cha watoto mara mbili, hagongi mara ya tatu, ukichelewa umebaki. Mwanzo tulikuwa sisi, baadae wakawa wajukuu. Tunatoka kwa mstari mmoja, mdogo mbele ili wote twende kwa mwendo wake, na yeye nyuma kabisa. Watu walikuwa wanashangaa mbona mkubwa anatembea nyuma, anasema anayetembea nyuma ndo anaona kila mtu. Tukifika penye mteremko au kabla ya kuvuka pale penye mawe anasema "hesabu!" basi wa mbele anasema moja, anayefuata mbili, hivyo hivyo mpaka inamfikia yeye, anafunga na namba yake. Isipofungwa na yeye hakuna anayenyanyua mguu. Hata mimi niko na ndevu zangu nimeenda nao likizo nikiitikia "tano" kwa sauti kama mtoto.

Huko mtoni ndo alikuwa mtu mwingine. Nyumbani mzee maneno machache, buti zinang'aa, shuka limekunjwa kona nne, mkionekana mmekaa kaa tu anawatafutia kazi. Mtoni anavua viatu. Alitufundisha kusikiliza ndege, kwamba wakinyamaza wote kwa pamoja na wewe simama ujue kuna nini kabla hujaendelea. Alitufundisha kuangalia unyayo ukajua ni wa jana au wa asubuhi hii kwa ukingo wake, ukingo uliobomoka ni wa zamani. Kumfunga samaki kwenye kamba ya mgomba, kurudisha wadogo majini bila kuwatupa, unaweka mkono ndani ya maji unamwachia aondoke mwenyewe. Kuna jiwe lake moja kubwa bapa alikuwa anakaa, na kama kuna siku atasema lolote kuhusu vita basi atalisema akiwa kwenye lile jiwe, nusu sentensi, halafu anarudi kwenye mshipi wake.

Mama hakuwahi kwenda hata siku moja. Alikuwa anasema huo ndo muda wake wa kupumzika, mzee na jeshi lake waende huko.

Sasa yote haya kwenye wasifu wangu hayakuwemo. Miaka ishirini na tatu ya kazi nimeipa ukurasa mzima, miaka thelathini ya mtoni sijaipa hata mstari. Naomba kwa wale ambao wazee wenu walipita jeshini, mtuwekee hapa ile sehemu iliyobaki. Wapi alikuwa anapenda kwenda, alikuwa anaenda na nani, alikuwa anafanya nini akifika. Vyeo tuviache kidogo.

Nyayo

Pole sana mkuu, Mungu amlaze pema. Nimeusoma mara mbili.

Wakati nasoma nikamkumbuka mtu mmoja ambaye sio ndugu yangu ila nimemsoma sana kwasababu na mimi ni mtu wa kutembea. Earl Shaffer wa Marekani, mtu wa Pennsylvania, vita ya pili alikuwa upande wa Pasifiki kwenye mambo ya mawasiliano. Alikuwa na rafiki yake toka utotoni Walter Winemiller, walikuwa wanatembea misituni pamoja na wakawekeana ahadi kwamba vita ikiisha wataitembea ile njia ndefu ya milima ya Appalachian yote. Walter akauawa Iwo Jima, kisiwa cha Japani. Shaffer akarudi peke yake, akawa hatulii, miaka inaenda. Mwaka 1948 akabeba begi lake akaanza Georgia akaenda kutokea Maine, zaidi ya kilomita 3,200, siku 124 kwa miguu. Kabla yake hapakuwa na mtu anayejulikana kuimaliza yote kwa safari moja na walipomsikia mwanzo hata wenye njia yao hawakumuamini, mpaka alipowaonyesha picha na daftari lake.

Alipoulizwa kwanini alisema alikuwa anataka kuitembea vita mpaka imtoke mwilini. Hayo maneno mimi yamenikaa. Hakusema nataka kusahau.

Akarudia tena 1965 akitokea upande wa pili, halafu 1998 akiwa na miaka 79 akaitembea tena. Mtu wa miaka 79 analala nje kwenye baridi ya mlimani! Nikisoma habari zake huwa nafikiria alikuwa anatembea na Walter muda wote ule, ahadi ilikuwa ya watu wawili.

Mzee wako na lile jiwe lake naona ni kitu kile kile, mwenzake alihitaji kilomita elfu tatu yeye ilimtosha njia ya mtoni.

Kwata

Mkuu pole. Mimi nimevaa hizo nguo mwenyewe, nimestaafu, nitasema kutoka ndani.

Watu wanapenda kusema fulani alikuwa anapenda sana porini, kama vile ni hobi. Kwa wengine ni hobi kweli. Kwa wengi niliowajua mimi na mimi nikiwemo ni kwamba ndani ya nyumba hapakaliki. Mlango unapigwa na upepo moyo unaruka. Sherehe ikiwa na watu wengi unatafuta kiti cha ukutani uone mlango. Mtu akikugusa bega kutokea nyuma unaweza kufanya kitu utakachojutia. Mtoto anapasua puto wewe uko chini ya meza. Sasa ukienda nje kule sauti zote zina maana, tawi limevunjika unajua ni tawi, kitu kimekimbia kwenye majani unajua ni kanga, hakuna anayekuja kukugusa nyuma. Kichwa kinapumzika kwasababu kazi kilichofundishwa ya kusikiliza na kutazama kinaifanya pale mahali pake sahihi. Ile ya ndege kunyamaza aliyowafundisha mzee wako hakuitoa kwenye uvuvi, hiyo ni kitu ya doria. Kaichukua kutoka kule akawapa nyie bila ile hofu yake. Mimi hiyo naiona ni kazi kubwa kuliko medali zote mbili.

Na kumbukeni wazee wengi hawakuwa na hata jina la kinachowasumbua. Vita ya kwanza walikuwa wanasema ni mshtuko wa mabomu, wengine waliitwa waoga tu. Jina hili linalotumika leo hospitalini, la maradhi ya msongo baada ya kiwewe, limeingia kwenye vitabu rasmi vya madaktari wa akili Marekani mwaka 1980. Mtu aliyerudi vitani 1945 alikaa miaka thelathini na tano bila neno la kumwambia mke wake. Alichokuwa nacho ni "natoka kidogo".

Halafu ile hesabu. Mkuu ile hesabu usiichukulie kama mchezo wa watoto. Anayehesabu watu wake kila wakivuka maji ni mtu ambaye kuna siku alihesabu namba haikutimia.

Mwana wa Sajenti

Kwata umenimaliza. Miaka yote hii sijawahi kuiwaza hivyo.

dada_wa_mwisho

Mi naomba niseme kitu tofauti kidogo na mnisamehe kama kitaharibu uzi.

Baba yangu naye alikuwa mwanajeshi, na hakuwa mtu mwepesi kuishi naye. Kuna miaka nyumbani tulikuwa tunatembea kwa vidole. Alipofariki watu walisimama mmoja mmoja kusema alivyokuwa mtu wa watu na mimi nimekaa pale nasema moyoni wanamzungumzia nani. Kwahiyo nyuzi za namna hii huwa nazipita maana naona kama tunawapaka rangi.

Ila hili swali la alikuwa anapenda kwenda wapi limenishika, kwasababu lipo jibu. Baba alikuwa na mtumbwi ziwani. Na kati ya watoto wote alikuwa ananichukua mimi, sijui kwanini, labda kwasababu nilikuwa sisemi sana. Tunaondoka jioni tunarudi usiku. Hajawahi kunikumbatia kwenye maisha yangu, sikumbuki. Ila alikuwa ananivalisha lile boya la kiunoni mwenyewe, anafunga, anavuta, anafungua anafunga tena, mara tatu kila safari, na mikono yake ilikuwa inatetemeka muda wote lakini kwenye lile fundo haikutetemeka. Akazima taa tukawa tunaangalia nyota. Alinionyesha jinsi ya kupata kusini kwa ile nyota ya msalaba, unaurefusha mkono wake mrefu mara nne na nusu hivi halafu unashuka chini moja kwa moja mpaka kwenye maji. Akaniambia ukipotea popote chini ya dunia hii upande wetu ukiiona hiyo umepona.

Sijamsamehe kila kitu na sidhani kama nalazimika. Ila nikiandika wasifu wake leo ningeandika yote mawili, kwamba tulikuwa tunamwogopa na kwamba alikuwa anafunga lile fundo mara tatu.

Kwata

Dada hujaharibu uzi hata kidogo. Watoto wangu pia wana ya kwao ya kusema na wana haki ya kuyasema.

Msomaji wa Usiku

Poleni nyote. Mimi familia yetu haina mwanajeshi, naleta tu ninayoyajua kwa kusoma, kuna familia moja hainitoki ukizungumzia watoto na porini na vita kwa pamoja.

Theodore Roosevelt, huyu aliyekuwa rais wa Marekani 1901 mpaka 1909. Watu wanamjua kwa vita ya Cuba ya 1898 na kikosi chake cha wapanda farasi. Lakini nyuma huko, Februari 14 mwaka 1884, alifiwa na mama yake na mke wake siku moja, nyumba moja. Akakimbilia Dakota kwenye nyika akaishi na ng'ombe na farasi, kule ndo alipona kama kupona kupo. Baadae akaoa tena, akawa na watoto, na alikuwa na mtindo wa kuwatoa matembezi ambayo sharti lake ni moja, mnachagua mahali mbele kule mnakwenda moja kwa moja, mkikuta kizuizi mnapita juu yake au chini yake au katikati yake ila kuzunguka hairuhusiwi. Watoto wanatoka humo matope mpaka masikioni. Na akiwa rais alitenga ardhi ya umma karibu ekari milioni 230 ilindwe, misitu, hifadhi za ndege, mabonde. Alipotoka madarakani 1909 alikuja Afrika Mashariki kuwinda na kijana wake Kermit, na waliua wanyama wengi mno, hilo la uwindaji leo tungeliangalia kwa jicho lingine na mimi silitetei.

Sasa wale watoto wa matope. Quentin, wa mwisho, akawa rubani akaangushwa Ufaransa Julai 1918 akiwa na miaka 20. Baba yake hakudumu, alikufa Januari iliyofuata. Miaka ikapita, Juni 6 mwaka 1944 kwenye vita ya pili, kaka yake mkubwa Ted akashuka ufukweni Normandy, Ufaransa, na wimbi la kwanza kabisa, jenerali wa miaka 56 mwenye mkongojo na moyo mbovu, aliomba mwenyewe kwenda. Kufika akakuta wameshushwa mbali na pale palipopangwa, akaamua vita ianzie hapo hapo walipo. Haikufika miezi miwili akafa kwa moyo. Mwaka 1955 wakauhamisha mwili wa Quentin wakauleta, ndugu wawili wamelala bega kwa bega kwenye makaburi ya Normandy. Mimi nikifika kwenye ile picha ya misalaba miwili nawaona tu watoto wawili wanaopita katikati ya kizuizi.

Nyayo

Msomaji, na ukiwa kwenye makaburi basi usiiache Nyeri, Kenya. Pale kwenye makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro wamelala wanajeshi wawili wa zamani karibu karibu na wote walimalizia uzee wao pale.

Wa kwanza Baden-Powell, mwanzilishi wa maskauti, yule wa siku 217 za kuzingirwa mji wa Mafeking kule Afrika Kusini. Mambo yake ya vita vya wakoloni yana maswali mengi na siwezi kuyafuta hapa. Ila uzeeni alichotaka ni kibanda kinachoangalia Mlima Kenya, yeye na mkewe Olave, wakahamia 1938, akafa pale Januari 8 mwaka 1941. Juu ya jiwe la kaburi lake wameweka alama moja tu ya maana, duara lenye nukta katikati. Kwa maskauti hiyo ni alama ya njiani, ukiikuta chini ujue mwenzako aliyetangulia anakuambia nimekwenda nyumbani. Olave alipokufa 1977 majivu yake yakaletwa pale pale kwa mumewe.

Wa pili Jim Corbett, yule wa chui na simba marara wala watu kule Kumaon, India. Vita ya kwanza alipeleka vijana mia tano wa Kumaon Ufaransa, vita ya pili akiwa mzee tayari akafundisha wanajeshi namna ya kuishi msituni kabla hawajaenda Burma. Hakuoa. Familia yake ilikuwa dada yake Maggie, wameishi pamoja maisha yote, 1947 wakahamia Nyeri pamoja, na waliishi kwenye kibanda kile kile cha Baden-Powell. Bunduki alishaiweka pembeni zamani akawa anapiga wanyama picha. Akafa 1955.

Kwahiyo ukisema familia na porini sio lazima iwe mke na watoto kumi. Kwa Corbett ilikuwa dada.

Mti Mkavu

Wakuu na mimi niongeze. Mjomba wangu yeye msituni haendi. Kabisa. Vita yake ilikuwa ya msituni, kwenye majani usiyoona hatua tano mbele, na tangu amerudi hata kivuli cha miti mingi hakai. Nikiwa mdogo nilikuwa namuona muoga maana wazee wengine walikuwa wanatupeleka kuokota kuni yeye anaishia ukingoni.

Lakini alikuwa na bustani. Sehemu wazi, jua tupu, kila mmea umepewa nafasi yake unaona mpaka mwisho. Maua. Mwanajeshi wa miraba minne anapanda maua, majirani wanacheka yeye hajali. Na kila mtoto aliyezaliwa kwenye ukoo alikuwa anapanda kitu kwa jina lake. Wangu ni mti wa mlimao, alikuwa ananiandikia barua nikiwa shule ya bweni, "mlimao wako umetoa maua", ndo barua nzima.

Kwahiyo tukisema walipenda nje tuulize nje ya namna gani. Ya mjomba ilikuwa ile isiyo na mahali pa mtu kujificha.

Kambini Nimezaliwa

Mbona wote mnasema baba, babu, mjomba. Mimi mwanajeshi wa nyumbani kwetu alikuwa mama. Muuguzi wa jeshi, kapelekwa na mikono yake imeona vitu ambavyo alitusimulia sehemu ndogo sana.

Alikuwa mtu wa milima. Akipata likizo anatubeba mimi na kaka yangu, baba anatania kwamba ameoa mbuzi wa mlimani, tunapanda. Begi lake lina bandeji za kutibu kikosi kizima. Mpaka leo nikitembea na watu nikiona mtu anachechemea kidogo nawasimamisha, vua kiatu tuone, malengelenge hayasubiri. Hiyo ni sauti ya mama. Na tukifika juu alikuwa hapigi kelele kama wengine, anakaa, anatuweka mmoja huku mmoja huku, anafumba macho. Siku moja nikamuuliza unasali? Akasema hapana, nasikiliza mnavyohema.

Nilikuwa sijawahi kumwandikia mtu hiyo. Ahsante mleta uzi.

Msomaji wa Usiku

Nasikiliza mnavyohema. Nitakaa na hiyo.

Kuna kitu kingine nataka tusikipite. Ile sanamu ya Nairobi ya 1928, ya wale watatu, askari na mpagazi wa vita ya kwanza, na yule askari wa Dar es Salaam wa 1927 mwenye singe. Zina maandishi kwa Kiswahili pia, yanawataja wapagazi kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanamalizia kwamba ukipigania nchi yako hata ukifa wanao watalikumbuka jina lako. Mimi nikisoma pale huwa naumia, maana hao wapagazi wa vita ya kwanza walikufa makumi ya maelfu, kwa njaa, homa na mizigo kuliko kwa risasi, na wengi wao majina hayajaandikwa popote. Kilichobaki ni Kariakoo ya Dar na Kariokor ya Nairobi, majina ya mitaa yaliyotokana na kikosi chao, Carrier Corps, na watu tunapita kila siku tunanunua vitu.

Wale watu walikuwa na watoto. Walikuwa na mto wao na kilima chao. Na waliorudi walirudi wakatembea kwenye njia zao na hakuna aliyewauliza. Kwa wale hatuwezi tena, ila hawa wa kwetu walio hai wapo, kuna watu wanasoma hapa mzee wake yuko chumba cha pili amelala.

Kwata

Msomaji hapo hapo. Kwa ambao mzee au mama bado yupo, nawapa nilichojifunza kwa wenzangu tulipokuwa tunaandikiana kumbukumbu za kikosi. Usimkalishe kwenye kochi na simu inarekodi ukamwambia nisimulie vita. Atakujibu "tulipigana tukarudi" na imeisha. Toka naye. Kama hawezi kutembea msukume kwenye kiti, mweke chini ya mti anaoupenda, mpe kitu cha kushika, kamba, kisu, mbegu za kupembua. Mtu huyu mikono ikiwa na kazi ndo mdomo unafunguka. Muulize hii njia nani alikuonyesha. Muulize jina la huyu ndege anaitaje. Muulize nani alikuwa anapika vizuri kikosini. Vita itakuja yenyewe ikitaka, na isipokuja iache.

Na picha zenu zile za zamani geuzeni nyuma muandike majina na mahali kwa penseli, leo, sio mwaka ujao. Nina picha ya sisi tisa tumekaa juu ya gogo tunacheka, na kuna wawili siwakumbuki majina. Nilikula nao sahani moja.

dada_wa_mwisho

Nimetoka nje sasa hivi kuangalia kama ile nyota ya msalaba ipo. Ipo. Nimepima mara nne na nusu kwa vidole.

Mwana wa Sajenti

Wakuu samahani nilipotea siku kadhaa. Nimesoma kila mtu, wengine nimewasoma kwa sauti mama akisikiliza, ile ya muuguzi alinirudishia mara mbili.

Jumamosi iliyopita tulienda. Mpwa wangu ndo aligonga dirisha, mara mbili, sikumfundisha. Tukatoka watoto sita na mimi. Nimebeba mshipi wa mzee, sikuwa na nia ya kuvua, nilitaka tu uende. Nikawa nimeamua mimi ndo nitembee nyuma, nikashindwa, miguu ilikataa kukaa ile sehemu, nikajiweka wa saba nikaacha nafasi nyuma yangu kama alivyokuwa anakaa.

Tunatoka getini nikasikia kandambili. Mama. Amejifunga kanga juu ya sweta la mzee, hajasema kitu, na mimi sikusema kitu, nikaendelea kutembea. Miaka thelathini hajawahi kuja.

Tukafika pale penye mawe. Nikajua kwamba lazima mtu aseme na koo limekauka. Mtoto wa mbele mwenyewe, yule mdogo kabisa wa miaka mitano, akageuka akasema "hesabu". Halafu akaanza, moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita. Mimi nikasema saba, ikatoka vibaya lakini ikatoka.

Kukawa kimya. Maji tu yanapita. Watoto wote wamesimama mguu hewani hawavuki, maana haijafungwa.

Mama akasema nane.

Tukavuka.